Saa Nne ya Nani

Kabla sijaandika riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi, nilikuwa mkalimani katika vituo vya polisi vya mashariki ya London, kazi niliyoipata baada ya miaka saba ya kufagia maofisi. Usiku ninaoukumbuka ni wa mwaka 1996, wakati wa baridi, nilipoitwa kumtafsiria kijana wa pwani aliyetuhumiwa kuvunja duka usiku wa manane. Mambo yanayoweza kumtambulisha nayaacha, kwa kuwa mkalimani hufungwa na siri.

Nilipoingia alisimama akasema, "Shikamoo, mjomba," nami nikaitikia marahaba. Mpelelezi akataka kujua tumeambiana nini, na alikuwa na haki, maana katika chumba kile halisemwi neno lisilotafsiriwa. Akatia kanda mbili kwenye mashine, kama zilivyotaka kanuni za sheria ya polisi ya mwaka 1984, ukasikika mlio mrefu, kisha akasoma onyo.

Shida ilianzia kwenye karatasi. Alipokamatwa, kabla sijafika, kijana alikuwa amejieleza kwa Kiingereza chake cha kuombea maji kwamba alitoka mgahawani, alikokuwa akiosha vyombo, saa nne. Polisi wakaandika nne kwa hesabu yao, yaani saa yetu ya kumi alfajiri. Mwenye mgahawa alikuwa amewaambia kumi, nayo kwa hesabu yao ni saa yetu ya nne usiku.

Mpelelezi akauliza kwa nini alidai kutoka kazini alfajiri, saa kumi.

"Sikusema saa kumi, mjomba. Nilisema saa nne."

Nilipolitia jibu hilo katika Kiingereza, likawa kwamba hakusema nne, alisema kumi, na karatasini iliandikwa nne. Mpelelezi akaegemea kiti, akaweka kalamu chini. Nilikuwa nimetafsiri kila neno kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliokuwa ukimgeuza kijana wa watu kuwa mwongo.

Mkalimani anaruhusiwa kuingilia kati wasemaji wanapopishana bila kujua. Nikaomba ruhusa, nikavua saa yangu ya mkononi, nikaiweka mezani. Nikaeleza kwamba kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, na saa huhesabiwa tangu hapo; kwa hiyo mshale mfupi ukielekea kumi, sisi tunasoma namba iliyo upande wa pili, nne. Mpelelezi alipitisha kidole juu ya kioo kutoka namba moja hadi nyingine, mara mbili, bila kusema kitu, kisha akaieleza kanda, kwa sauti ya taratibu, anachokiona.

Mwishoni kanda moja ilifungwa kwa lebo mbele ya kijana, akatia sahihi huku mkono ukimtetemeka. Mkalimani hulipwa kwa saa. Mwisho wa kesi haambiwi. Ndani ya basi la usiku nilishindwa kuvumilia kunyimwa mwisho huo, nikageuza fomu yangu ya madai ya malipo, na nyuma yake nikaandika: "Marehemu alionekana mara ya mwisho saa nne."