Nanyuki, kwa William Holden

Nikielekea hoteli iliyowahi kuwa ya William Holden, mwigizaji wa filamu wa Marekani, matatu ya Nanyuki niliipandia River Road kabla hapajapambazuka, kwa sababu Mlima Kenya hauna subira: jua likishapanda, mawingu huufunika. Anayetoka Nairobi saa nne atakuta ukuta wa kijivu tu. Ni kilomita 200 hivi, kupitia Kenol, Sagana, Karatina na Naro Moru. Kaa dirisha la kulia. Mlima uko upande huo.

Karibu na mji kuna kibao cha ikweta, na vijana wenye karai lililotobolewa wanaoonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Ni ustadi wa mkono. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya karai. Kinachoyageuza ni namna yanavyomiminwa.

Mjini nilichukua teksi kupanda hadi hoteli yenyewe, Mount Kenya Safari Club. Patana nauli ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, maana huko juu magari ya kupita ni haba. Beba sweta: Nanyuki yenyewe iko karibu mita 1,950, na klabu iko juu zaidi.

Holden alizaliwa O'Fallon, Illinois, mwaka 1918, akiitwa William Franklin Beedle. Filamu ya Golden Boy ilimtoa mwaka 1939, Sunset Boulevard ikamrudisha juu mwaka 1950, na Stalag 17 ikampa Oscar. Lakini anayetaka kumwelewa mtu huyu atazame mkataba wake wa The Bridge on the River Kwai, ya 1957. Alipewa asilimia 10 ya mapato ya filamu, ila alipwe dola 50,000 tu kwa mwaka, ili kodi isimmeze. Filamu ikavuma kupita matarajio, na studio ikawa inadaiwa naye kwa miaka na miaka. Mwaka 1959 akahamia Uswisi, na mwaka huohuo yeye na wenzake wawili, Ray Ryan na Carl Hirschmann, wakainunua hoteli hii. Filamu yake The Lion, ya 1962, ilipigwa Kenya.

Kwangu mimi, sebule za hoteli zinasimulia machache. Kazi yake iliyodumu iko jirani, kwenye shamba la wanyama alilolianzisha na mshirika wake Don Hunt. Mwambie askari wa lango mapema kwamba unakwenda kwa wanyama, si hotelini. Humo wanazalishwa bongo wa mlimani, ndugu wa pofu na tandala, wekundu wa kahawia wenye mistari myeupe. Porini Kenya hawafiki 100: misitu ilikatwa, wakawindwa kwa mbwa, na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ikawamaliza wengi. Mwaka 2004 bongo 18 waliletwa kwa ndege kutoka hifadhi za wanyama za Marekani, uzao wa waliokamatwa Kenya miaka mingi kabla. Mwaka 2022 hifadhi ya Mawingu ikafunguliwa ili wazoeshwe msitu kabla ya kuachiwa.

Bongo ni mwoga na hupenda kivuli. Mchana kweupe utaona masikio tu. Nenda asubuhi, usivae nguo za kung'aa, usipige kelele.

Holden alifariki Santa Monica mwaka 1981, baada ya kuanguka nyumbani kwake akiwa amelewa. Mwaka uliofuata mpenzi wake, mwigizaji Stefanie Powers, alianzisha wakfu wenye jina la Holden, unaoendesha kituo cha elimu ya wanyamapori papa hapa. Kituo hicho hupokea hasa makundi ya shule, kwa hiyo omba nafasi kabla ya kupanda.