Mradi wa ukoo wa DuBois: wiki ya sita, nusu ya chati nimeifuta

Nilianzia 1685, mwaka mfalme Louis XIV alipofuta Amri ya Nantes, ile iliyowapa Wahugenoti (Waprotestanti wa Ufaransa) uhuru wa ibada, maana ukitaja Wahugenoti kukimbia Ufaransa kila mtu anawaza mwaka huo, basi nikakaa wiki mbili napekua meli za baada ya hapo na Louis DuBois, Mhugenoti anayeanzisha ukoo huu, haonekani. Kumbe alishaondoka zamani! 1655 anamuoa Catherine Blanchan kule Mannheim, Ujerumani, watoto Abraham na Isaac wanazaliwa hukohuko, ikifika 1661 familia iko Marekani, bonde la mto Hudson (leo jimbo la New York), kwenye koloni la Waholanzi. Na jina nalo lilinichelewesha, Waholanzi walikuwa wanamwandika Louis Mwallonia tu, yaani mtu wa wale wanaosema Kifaransa upande wa Ubelgiji, ukitafuta DuBois unampita hivihivi.

Juni 1663 Waesopus, wenyeji wa pale, wanavamia, Catherine na watoto wanachukuliwa mateka, wanapatikana baada ya miezi kama mitatu. Halafu miaka 14 baadaye Louis huyohuyo anakaa chini na Waesopus haohao kununua ardhi. Hati ya 1677 nimeirudia mara nne jana usiku: karibu ekari 40,000 kwa masufuria 40, mashoka 40, mashati 40, mablanketi 60, sindano 100, farasi wawili dume na jike, na vingine vingi. Wenye hati ni wanaume 12, baba na Abraham na Isaac wamo, wakapaita New Paltz, yaani Pfalz, ile nchi ya Mannheim. Hapo niliguswa kwa kweli, jina la waliowapa hifadhi ndilo walilovuka nalo bahari.

Rejista ya kanisa lao inaanza 1683 kwa Kifaransa, baadaye Kiholanzi, mwisho Kiingereza, kwa hiyo sasa kila kizazi kwenye chati nakipa rangi ya lugha yake na inasaidia sana.

Ila kilichoninyima usingizi ni 1674. Mwaka huo Louis alinunua Waafrika wawili kwenye mnada kule Kingston, mji wa bonde hilohilo la Hudson. Mtu aliyehama nchi kwa ajili ya imani yake, jamani. Chati za ukoo nilizopitia zinawaruka kabisa wakati jasho lao limo kwenye mashamba yale. Nimewafungulia ukurasa wao, nimeuweka mbele ya ule wa nyumba za mawe za New Paltz, na wiki hii napitia wosia na orodha za mali za miaka ile, mstari kwa mstari.