Maua Matano kwenye Jiwe la Amani

Mwezi wa Novemba 2013, mvua za vuli zikiwa zimeanza kushika milima ya Usambara Mashariki, mimi na mwalimu wangu tulipanda gari kutoka Muheza kwenda Amani, nami nikiwa na ubao wa kuchorea, penseli sita, bikari yenye ncha mbili na lenzi ndogo ya mkononi aliyoniazima. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya sanaa jijini Dar es Salaam, na sehemu ya ada yangu niliipata kwa kuchora sura za watu kutoka kwenye picha zao. Mteja akiniletea picha ya marehemu baba yake ambaye jicho moja lilikuwa limelegea, na akataka macho yote mawili yalingane, nilikuwa nalichora lile zima, kisha nalinakili kwenye karatasi nyembamba, naligeuza na kulihamishia upande wa pili. Watu walinisifu kwa kazi hiyo. Naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyonikosesha kule mlimani.

Mmea tuliokuwa tumeufuata, ili niuchore ukiwa porini, ni ule ambao dunia nzima inaujua kwenye vyungu vya madirishani kwa jina la Kiingereza, African violet. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliuandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu wakati huo umezalishwa na kuchanganywa mbegu hadi kupata rangi na maumbo yasiyohesabika, lakini ndugu zake wa porini wamebaki katika misitu michache ya Tanzania na Kenya, na wengi wao wamo hatarini kutoweka. Wanaishi kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji, mahali ambapo udongo ni mchache mno kwa mimea mingine. Miti ya juu ikikatwa, jua likilifikia jiwe, unyevu huondoka na majani hukauka. Hakuna shoka lililowagusa wao wenyewe, lakini ni kama wamekatwa.

Tulifikia kwenye nyumba ya wageni pale Amani, karibu na bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1902. Asubuhi yake mzee mmoja mwenyeji, aliyefanya kazi ya kuongoza watafiti kwa miaka mingi, alitupitisha kando ya mashamba ya chai, kisha chini ya miti ya musizi, ambayo ililetwa na binadamu na baadaye ikajisambaza yenyewe ndani ya msitu. Akatuonyesha mahali ambapo zamani watu walipanda iliki chini ya miti mikubwa. Alikuwa akitaja kila mti kwa jina lake la Kisambaa, nami nasikitika hadi leo kwamba sikuyaandika majina hayo; siku ile niliona kalamu yangu ni ya kuchorea tu.

Kabla hatujafika mtoni mwalimu alisimama akanikumbusha masharti ya kibali chetu: hatuchumi ua, hatuchumi jani. Jani moja la mmea huu likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huweza kuota mizizi na kuzaa mmea mzima, na ndivyo ulivyoenezwa duniani. Kwa hiyo anayechukua jani moja ameuchukua mmea. Kila kitu nilipaswa kukichora pale pale, nikiwa nimepiga magoti.

Jiwe lenyewe lilikuwa na urefu wa mtu, limeinamia kijito, na upande wake wa kivulini ulikuwa umefunikwa na kuvu za kijani na majani ya mviringo yaliyokaa kama sahani ndogo zilizopangwa kuzunguka kitovu kimoja. Katikati yalisimama maua matano ya rangi ya zambarau, kila moja kwenye kikonyo chembamba chenye wekundu kidogo.

Nilianza na majani, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi hii inahitaji mkono wa mtu. Kwa macho matupu jani lilionekana kama kitambaa cha mahameli. Chini ya lenzi yalitokea manyoya ya aina mbili: marefu yaliyosimama wima, machache, yenye kuangaza mwanga kwenye ncha, na mengine mafupi yaliyojaa katikati yake kama nyasi iliyofyekwa. Wataalamu walioitenganisha mimea hii walitegemea sana manyoya hayo, urefu wake na jinsi yanavyosimama au kulala. Mmea ukikaushwa na kubanwa kwenye karatasi ili uhifadhiwe, manyoya hulala na rangi hupotea. Kamera nayo huionyesha zambarau hii kama buluu. Anayebaki ni mchoraji, mwenye penseli iliyochongwa hadi ncha iwe kama sindano, anayepima kwa bikari na kuandika pembeni: marefu, milimita mbili, mafupi, hayafiki nusu milimita. Jani moja lilinichukua saa tatu. Mwaka 2015 wataalamu waliihamishia mimea hii yote kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya ukoo wa karibu, ya Streptocarpus, na ikanilazimu kubadili jina chini ya michoro yangu, manyoya sikuyagusa.

Ukungu wa Amani hauna hodi. Nilikuwa nimemaliza kulipima ua moja tu, lililonielekea uso kwa uso, pale msitu ulipoanza kuwa mweupe na mzee akasema, "Mwanangu, funga vitu, mvua inakuja." Maua manne yaliyosalia niliyawekea duara tupu na mstari wa kikonyo, nikaondoka.

Usiku ule nilikaa mezani chini ya taa na kufanya nilichozoea. Nililinakili lile ua nililolipima, nikalihamishia kwenye kila duara, nikalizungusha kidogo hapa, nikaliinamisha kidogo pale, nikatia kivuli kama desturi ya michoro ya mimea inavyotaka, mwanga ukitokea juu kushoto. Kufikia saa sita za usiku nilikuwa na karatasi yenye maua matano yaliyopendeza. Nje mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu.

Asubuhi mwalimu aliitazama karatasi ile kwa lenzi, muda mrefu, bila kunywa chai yake. Kisha akauliza, "Hivi vijiti vyote vinaelekea kulia. Uliviona vyote?"

Alikuwa akizungumzia kile kijiti chembamba cha zambarau kinachopokea chavua. Katika maua haya hakisimami katikati. Hupinda upande mmoja, kikiviacha vifuko viwili vya manjano vya chavua vikae peke yake, na katika mmea mmoja kuna maua ambayo kijiti chake kimepinda kulia na mengine kushoto, kama mtu na taswira yake kwenye kioo. Maelezo ya wataalamu ni kwamba nyuki anayebeba chavua ubavuni kutoka kwenye ua la upande mmoja huifikisha kwenye kijiti cha ua la upande wa pili. Mimi nilikuwa nimetoa mmea wenye maua ya upande mmoja tu. Mtu angeweza kuuamini mchoro wangu, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi ya kukosea.

"Nililiona moja, mwalimu," nikamjibu.

"Basi una ua moja."

Hakuongeza neno. Nilichukua kifutio nikayafuta manne pale pale mezani, nikiyapuliza makombo, na karatasi ikabaki na madoa hafifu ambayo hadi leo yanaonekana ukiishika dhidi ya mwanga.

Tulirudi kijitoni. Maji yalikuwa yamepanda na kuchafuka, na mvua ilikuwa imeyapukutisha maua matatu. Petali zake zilizoungana, zikiwa bado zimevishika vile vifuko vya manjano, zilikuwa zimenasa kwenye kuvu chini ya jiwe. Yalikuwa yamebaki mawili, lile nililolipima jana na jingine la ubavuni kwake. Niliinama hadi shavu langu likagusa jiwe la baridi. La pili lilikuwa la kushoto.

Nilidhani matatu yaliyoanguka yamenipotea kabisa, hadi nilipoiweka lenzi kwenye vikonyo vyake. Ua hili likianguka huondoka na vifuko vyake, lakini kile kijiti hubaki kimechomoza katikati ya vijani vitano vya kijani vilivyolikumbatia ua, kikiwa chembamba kama uzi, na chini yake kuna kivimbe kidogo chenye manyoya meupe ambacho baadaye huwa tunda. Mvua haikuving'oa. Vyote vitatu vilikuwa pale, kila kimoja na mpindo wake.

Nilivichora nilivyovikuta: maua mawili yaliyofunguka na vikonyo vitatu vilivyobaki na vijiti vyake. Mzee alisimama nyuma yangu akiushika mwavuli juu ya ubao, kwa kuwa matone yaliendelea kudondoka kutoka kwenye majani ya juu, na kila nilipomwambia apumzike alijibu, "Wewe chora, mwanangu." Nilipima kijiti cha kwanza: kulia, milimita sita. Nilipima cha pili: kulia. Cha tatu kilikuwa kimejificha nyuma ya jani, ikabidi niingize mguu kwenye maji ili nikione kwa mbele. Maji yalinifika gotini. Kushoto, nikaandika, milimita sita na nusu.