Kumbukumbu ya mradi wangu: kumpunguzia Kamanda kelele

Machi 12

Jana jioni mwenyekiti wa mtaa alipita. Alipouliza habari za watoto mara mbili na kukataa chai, nikajua kuna jambo. "Dada, hili la mbwa limefika kwangu tena." Hakusema nani kalifikisha, wala haikuwa na haja. Ng'ambo ya ua wa masale, ile mimea ya majani marefu, anakaa Mama Neema. Ni nesi, mwezi huu yuko zamu za usiku, anarudi saa mbili asubuhi akitaka kitanda. Saa mbili asubuhi ndiyo saa ambayo mbwa wangu anafungua ofisi.

Mbwa mwenyewe anaitwa Kamanda. Dume la kienyeji, kahawia, miaka miwili na kidogo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina alipewa na mwanangu kabla hatujamjua vizuri. Geti limeandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, lakini mgeni akimwendea moja kwa moja, Kamanda anarudi kinyumenyume mpaka mnyororo unakwisha, na njia nzima anabweka. Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Mwenye nyumba, sawa. Jirani hawakumtaja.

Mimi ni fundi cherehani, nashinda hapa barazani Rau, Moshi, kutwa nzima, kwa hiyo siwezi kusema sina muda wa kumwangalia. Nitalifanya kama nguo ngumu: futi ya kupimia kwanza, mkasi baadaye.

Machi 15

Siku tatu nimehesabu kwa chaki ya kitambaa ukutani, pembeni ya cherehani. Kila akianza hadi anyamaze ni mstari mmoja, na mbele yake naandika sababu. Siku ya kwanza mistari 41, ya pili 38, ya tatu 44. Mume wangu aliona ukuta akauliza kama nimekopesha watu.

Nilikuwa naamini anabweka ovyo. Ukuta unakataa. Zaidi ya nusu ni wapita njia: kina mama wenye vikapu vya ndizi, wanafunzi, muuza maziwa, bodaboda. Baadhi ananibwekea mimi nikishika sufuria. Na kuna za usiku, kuanzia kama saa nane, ambazo sikuona sababu yake kabisa. Niliandika tu alama ya kuuliza.

Hizi za getini nimezitazama sana leo huku nikipindisha mapindo ya gauni la kipaimara. Mama wa ndizi anatokea kwenye kona. Kamanda anakaza mwili, mkia juu, anaanza. Mama anaendelea na safari yake ya soko la Mbuyuni, anatokomea. Kamanda anajikung'uta, anakunja mkia vizuri, anakaa kama askari aliyemaliza lindo. Yule mama angepita tu hata Kamanda angekuwa kalala, lakini yeye hajui hilo. Kwa hesabu zake kamfukuza. Anashinda vita mara ishirini na kitu kwa siku, hajawahi kushindwa hata moja. Nani angeacha kazi ya namna hiyo?

Na mimi je? Mimi hupiga kelele kutoka barazani: "Wee! Nyamaza wewe!" Leo nimejisikia nikisema hivyo, na nikamwona anageuka kunitazama, kisha anaongeza sauti. Bila shaka anadhani tunasaidiana.

Machi 17

Bwana mifugo amekuja. Kaangalia masikio, meno, kamminya tumbo na miguu, maana mbwa mwenye maumivu naye hupiga kelele. Yuko mzima. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imebakiza wiki chache, nikamwambia achome kabisa. Akanipa neno moja la kushika: mbwa akibadilika ghafla, sauti ikawa si yake, udenda unatoka, anashindwa kumeza, hilo si suala la tabia. Usimguse, piga simu.

Kisha akaangalia mnyororo. "Umemfunga mahali anapoona kila kitu na hafikii chochote. Hata wewe ungepiga kelele." Sikuwa na jibu. Hapa kwetu mbwa hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, ndivyo nilivyokuta na ndivyo nilivyofanya. Aliniambia pia kwamba mbwa husikia sauti nyembamba za hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 45,000 hivi, wakati sikio la mtu linaishia 20,000. Kwa hiyo mara nyingine nikisema anabwekea hewa, ni mimi nisiyesikia.

Machi 20

Mnyororo nimeutundika stoo. Tumeziba matundu ya ua wa nyuma kwa wavu na fito, sasa mchana anazunguka huko. Getini, pale masale yalipokauka na kuacha uwazi, nimetundika khanga mbili kuukuu na mabaki ya kitenge. Si pazuri. Mteja mmoja aliuliza bei ya khanga. Lakini leo mistari ni 27, na sijafundisha kitu chochote.

Machi 21

Chupa ya kokoto. Mtu alinishauri: akibweka, tikisa, atashtuka anyamaze. Alishtuka kweli. Jioni nilipochukua chupa ya maji ya kunywa alikimbilia chini ya kitanda, na wapita njia aliendelea kuwabwekea kama kawaida. Kokoto nimezimwaga.

Machi 25

Nimeanza somo. Maini ya ng'ombe nayachemsha bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu kinaharibu damu ya mbwa), nakatakata ukubwa wa kifungo cha shati, natia kwenye kopo la vifungo lililokuwa tupu. Neno nililochagua ni "haya basi", kwa sababu nalisema hata bila kufikiri, na siwezi kulisema kwa hasira.

Hatua ya kwanza haina mbwa anayebweka. Nasema "haya basi", natupa kipande cha ini kwenye mkeka wake barazani. Mara ishirini asubuhi, ishirini jioni. Siku ya tatu neno likitoka tu, yuko mkekani kabla ya ini.

Hatua ya pili: apite mtu, abweke mara moja au mbili, mimi niseme "haya basi" kwa sauti ya kawaida. Leo kaacha katikati ya kubweka. Sauti ilikatika kama uzi, akaja mkekani anatafuna. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Aprili 3

Nimepatikana. Mistari imepanda tena mpaka 35. Nikakaa nikamtazama: anatembea hadi getini, hakuna mtu barabarani, anabweka mara mbili, anageuka kuniangalia, anakuja mkekani mwenyewe na kukaa akisubiri malipo. Nilidhani ninamfundisha kunyamaza, kumbe nimemfundisha wimbo wenye mistari mitatu: bweka, nyamaza, kula. Anauimba kila akiwa na njaa.

Niliona aibu, halafu nikacheka. Ni kama mteja anayerudisha nguo apunguziwe bei, ukimpunguzia mara moja umekwisha.

Dawa ni kulipa kabla hajafungua mdomo. Lakini kwa hiyo lazima awe mbali kiasi cha kuweza kufikiri. Nilichukua futi, nikapima kutoka getini kurudi nyuma. Kwenye mita tatu hawezi kabisa. Kwenye mita sita anaunguruma. Futi yangu ya mita moja na nusu ikiwekwa mara sita, yaani mita tisa, pale kwenye nguzo ya baraza, anamwona mtu, masikio yanasimama, na kinywa kimefumba. Hapo ndipo ninaposema "haya basi" na kumpa. Mtu katokea, ini limekuja. Mtu kaondoka, ini limekwisha. Wiki hii tunakaa nguzoni tu, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na nguo za watu zinachelewa.

Aprili 11

Kelele za sufuria. Hizi tiba yake inajulikana: usimpe, usimtazame, usimsemeshe, mpaka anyamaze. Ugumu ni mama mkwe. Mama hawezi kuvumilia. Akisikia kelele anamega tonge la ugali, anatupa. "Si ndiyo amenyamaza?" Nilimweleza kwa adabu kwamba ukimpa kwenye mbweko wa kumi na mbili, kesho atajua bei ni kumi na mbili. Alinisikiliza, akasema mbwa wao Kibosho hakuwahi kufundishwa hesabu.

Tukakubaliana tumpuuze kwa wiki moja. Bwana mifugo alishanionya kuwa kabla ya kupungua zitazidi, kwa sababu mbwa akiona njia ya zamani imeziba huisukuma kwa nguvu zote kabla ya kuiacha. Hapo mama mkwe akasema jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwezi mzima uliopita: "Basi mpelekee jirani sale kwanza."

Mimi nimeolewa huku, kwetu ni Singida, lakini najua maana yake. Kwa Wachaga anayekuja na jani la sale amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Nikachuma, nikaenda. Mama Neema ndiyo kwanza ameamka, macho mekundu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akaliangalia jani, akaniangalia. "Umelichuma kwenye ua wetu huu huu?"

Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akashika mlango. Tulikaa. Nikamweleza kila kitu, pamoja na kwamba wiki hii itakuwa mbaya zaidi kuanzia saa kumi jioni, na akanipa ratiba ya zamu zake. Sasa imebandikwa ukutani juu ya mistari ya chaki. Mazoezi yenye kelele nayapanga siku ambazo yeye hayupo au yuko macho. Sijui kwa nini ilinichukua mwenyekiti wa mtaa na chaki nzima kufika hapo.

Aprili 15

Siku ya nne ya kumpuuza. Jana alibweka dakika kumi na saba mfululizo mbele ya jiko la mkaa, nimezipima kwa simu. Mama mkwe aliingia chumbani akafunga mlango. Leo dakika nne, halafu akapiga miayo akalala. Chakula alipewa akiwa amelala.

Aprili 22

Nimemjua wa saa nane usiku.

Nilikaa nje na tochi, nimejifunga blanketi, mvua imepumzika. Kwanza kwenye mparachichi kulilia kitu kama mtoto mchanga anayenyongwa. Nywele zikanisimama. Halafu tawi likayumba, na parachichi likaanguka kwenye bati la stoo: paaa! Kamanda akalipuka. Nilipomulika, macho mawili mekundu makubwa yakanitazama kutoka juu, kisha yakaruka. Komba. Wale wale wa "kulewa kama komba", ila huyu alikuwa timamu kabisa na parachichi zangu.

Kwa hiyo wiki tano nzima mbwa alikuwa anasema kweli, na mimi naandika alama ya kuuliza. Hapa sikumfundisha kitu. Tumekata tawi lililoinamia bati, parachichi zilizokomaa tumezichuma, na usiku Kamanda analala baraza la nyuma, mbali na mti. Komba bado wanakuja. Anabweka mara mbili tatu, namwambia "haya basi" kupitia dirishani, inaisha.

Mei 18

Sijaandika muda mrefu, kulikuwa na sare za kwaya. Mistari ya leo: 12. Tumesogea kutoka mita tisa hadi tano. Mama wa ndizi anapita, Kamanda anamtazama, ananigeukia mimi. Ini halitoki kila mara sasa, mara nyingine ni dagaa mmoja, mara nyingine ni kukunwa sikio lile lililolala. Asubuhi kabla sijafungua cherehani tunatembea dakika arobaini kuelekea msituni Rau, ananusa kila jiwe. Siku mvua ikitunyima matembezi, mistari inaongezeka kwa sita au saba.

Mteja mpya juzi alisimama getini muda mrefu, akaniita, akauliza kama mbwa mkali amekufa.

Mei 29

Lililobaki ni bodaboda moja yenye ekzosi iliyotoboka. Hiyo ikitokea tu kwenye kona, maini, dagaa, neno, vyote havipo. Hata kwenye mita tisa. Leo nimemsimamisha kijana mwenyewe, nikamweleza shida. Kwanza alidhani nataka alipie ekzosi. Tumepatana elfu mbili kwa nusu saa: ataiwasha pale dukani, mbali kabisa, kisha atasogea mti kwa mti kila nikimpungia khanga. Kesho saa kumi, Mama Neema akiwa kazini. Maini nimeshachemsha.