Mayai ya geko: wametoka wote wawili, na kilichoniokoa ni deli na chupa za maji

Wametoka! Wa kwanza katoka Jumanne alfajiri, mwenzake kamfuata jioni ileile, wazima wote, mikia minene, mistari myeusi na njano imekolea hadi raha. Ukisogeza kidole tu wanajiinua kwa miguu yote minne na kupiga ukelele mwembamba, kitu cha gramu tatu kinakutisha wewe. Nimefurahi jamani, nimefurahi kweli, maana ile miezi ya Februari na Machi ilinitoa jasho na sisemi jasho la joto peke yake.

Mambo ya kumwekea jike kontena lenye kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi, ya kutagia, kuokota mayai bila kuyageuza, kuweka alama ya penseli upande wa juu, hayo wenzangu mnaofuga mnayajua na siyarudii. Kwa ambao hamjui nafuga nini, ni mijusi, lepadi geko, Eublepharis macularius, wale wa asili ya Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi ya India, wanaotembea chini na wana kope za macho, tofauti kabisa na mjusi kafiri wa ukutani ambaye hana kope na analamba macho yake. Nataka kuongelea joto tu. Joto ndilo lililonisumbua mwanzo mwisho.

Sasa iko hivi. Kila maelekezo utakayosoma yanasema weka thamostati, kile kifaa cha kuwasha na kuzima kwa kufuata joto, weka taa au kitu kingine cha kupashia, seti nyuzi 28, funga, subiri. Sawa. Ila aliyeandika yuko Uingereza au Marekani, chumba chake kina nyuzi 20, kwa hiyo kazi ya thamostati kule ni kuongeza joto, ikizidi inazima na boksi linapoa lenyewe kwa sababu nje kuna baridi. Mimi niko Tabata, Februari, nyumba ya bati, saa tisa alasiri chumba kiko 33 na siku nyingine kinagusa 34. Thamostati inafanya nini hapo? Inazima taa, basi, kazi yake imeisha, na boksi linaendelea kupanda na chumba. Usiku chumba kinashuka hadi 26, thamostati inaamka inawasha. Yaani mayai yanapanda na kushuka kila siku na mashine yote ile inafanya kazi usiku peke yake.

Nilipeleka habari hii kwa fundi mmoja Kariakoo anayeunda mashine za kutotolesha vifaranga, fundi mzuri tu, mikono yake safi. Akaniambia, "Kaka, weka 37 na nusu, feni izunguke, mayai yageuke kila baada ya masaa, utatoa asilimia tisini." Nikamwambia fundi, haya si ya kuku, ya kwangu ukiyageuza baada ya siku ya kwanza kiinitete kinaweza kufa, na 37 ni kuyapika. Akacheka, akaniuliza kwa hiyo unataka mashine ya kupooza? Nikaondoka na hilo swali kichwani, maana ndicho hasa nilichokuwa nakitaka na sikuwa nimekisema hivyo.

Kabla sijaendelea, themomita. Jamani themomita. Nilikuwa na tatu, zile ndogo za kidijitali za duara zinazosoma na unyevu, nikaziweka pamoja kwenye kopo moja na kila moja ikaja na namba yake, tofauti ya nyuzi mbili kati ya ya juu na ya chini. Kwa mayai ya geko nyuzi mbili ni kitu kikubwa, maana jinsia inaamuliwa na joto. Ukikaa 26 hadi 28 wengi wanakuwa majike, ukisogea 32 hadi 33 wengi madume, ukizidi hapo kufika 34 au 35 unarudi kwenye majike lakini unacheza na vifo. Sasa kama hujui uko 29 au 31 unafuga kwa kubahatisha. Dawa yake ni barafu: ponda barafu vizuri, jaza kikombe, ongeza maji kidogo yajaze nafasi, koroga, tumbukiza sensa yenye waya na usubiri itulie, hapo inatakiwa isome sifuri. Zile za duara huwezi kuzitumbukiza, kwa hiyo ninalinganisha na ile yenye waya. Ya kwangu ya W1209, ile bodi ndogo ya volti 12 inayouzwa bei rahisi, ilisoma moja nukta tatu, nikaingia kwenye mpangilio wake wa P4 nikairekebisha ikakaa sawa. Halafu ingia P1 ukapunguze ile tofauti ya kuwasha na kuzima, inakuja imesetiwa 2 kutoka kiwandani na hiyo ni kubwa mno kwa mayai. Kwa maoni yangu W1209 ni kifaa kizuri kuliko watu wanavyokidharau, kasoro yake ni kwamba ni ama kupasha ama kupooza, haiwezi yote mawili kwa wakati mmoja. STC-1000 inaweza, ina rilei mbili, yaani swichi mbili, inatumia umeme wa ukutani moja kwa moja, na ndiyo niliyokuwa nimepanga kununua.

Maana mpango ulikuwa hivi: STC-1000, upande mmoja taa, upande wa pili ile sahani ya Peltier yenye feni mbili za kompyuta, ipooze mchana na taa ipashe usiku. Nilishachora kabisa. Kikwazo ni kwamba Peltier inakula umeme balaa, upande wake mmoja unapooza na mwingine unachemka, na umeme ukikatika saa nane mchana ndiyo basi, joto la upande wa pili linarudi ndani ya boksi. Nikafikiria na mtungi, ule wa udongo, ninyunyize maji kwa nje yavukize. Mtungi ungefaa Dodoma kwenye hewa kavu, Dar hewa yenyewe imeshashiba maji, yatavukiza yaende wapi? Nilipima, kopo ndani ya mtungi lilishuka nyuzi moja na kidogo tu, na ukungu ukaanza kuota pembeni.

Kilichobadilisha mambo ni Feri, pale soko la samaki. Nimeenda kununua samaki, nimesimama nasubiri wanikatie, naangalia jamaa anafungua deli lake, lile boksi la kutunzia ubaridi, asubuhi kalijaza barafu na saa sita mchana barafu ipo, na jua lote lile. Hapo ndiyo akili ikafunguka. Deli halipoozi kitu. Linachelewesha tu. Na mimi sihitaji kupooza! Chumba changu kinakwenda 33 mchana na 26 usiku, katikati yake ni 29 na kitu, na 29 kwa mayai ya lepadi ni pazuri sana. Joto ninalolitaka lipo tayari ndani ya nyumba bure, kinachotakiwa ni kulizuia lisiyumbe.

Nikaachana na Peltier hapohapo. Nikachukua deli la zamani lililokuwa store, kubwa, nikapanga chupa za lita moja na nusu zilizojaa maji pande zote na chini, jumla kama lita kumi na tano, kopo la mayai katikati, nikaliweka kwenye korido maana sakafu ya saruji inasaidia na jua halifiki, nikalifunika blanketi. Maji ndiyo siri. Maji yanabeba joto jingi kuliko vitu vingi vya nyumbani kwa uzito uleule, kwa hiyo kupanda yanachelewa na kushuka yanachelewa. Siku mbili za kwanza lilitafuta pa kutulia, baada ya hapo kila nikisoma nakuta kati ya 28.6 na 30. Kila siku! Chumba kinafika kileleni saa tisa alasiri, deli linafika kileleni saa mbili au saa tatu usiku, wakati huo chumba kimeshaanza kupoa na kinalivuta chini. Nilikuwa naamka usiku kwenda kusoma namba kwa sababu nilikuwa siamini. Umeme ulikatika mara kadhaa na deli halikujua chochote, maana halina waya hata mmoja zaidi ya wa sensa.

Wakuu, kama uko Dar, Tanga au Pwani yote hii na una mayai ya lepadi kipindi cha joto, usinunue mashine kwanza. Jaribu deli.

Unyevu haukunipa shida kubwa. Nilitumia perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kuoteshea, kutoka kwa watu wa miche ya mboga, nimeilowesha kwa uzito, maji yakiwa pungufu kidogo ya perlaiti, na mayai nimeyafukia nusu. Kokopiti naipenda kwa kutagia lakini kwa kuatamishia inashika maji kupita kiasi, na masika yakianza inaota ukungu haraka. Kifuniko nafungua mara moja kwa wiki hewa iingie, namulika na tochi ya simu. Yai zima linaonyesha rangi ya waridi na mishipa myekundu, bovu ni njano tupu. La jike wangu mwingine lilikuwa njano tangu mwanzo na likaoza, hilo halikuwa na mbegu.

Adui mwingine ni sisimizi. Wanasikia harufu ya yai kabla mtoto hajamaliza kutoka. Deli nimelisimamisha kwenye matofali manne, kila tofali ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni, na hawajapita.

Wiki ya mwisho mayai yalianza kubonyea. Moyo ulinienda mbio, kwa sababu yai likibonyea mapema maana yake linakosa maji. Lakini likibonyea mwishoni na kutoa vitone kama jasho juu ya ganda, mtoto yuko tayari. Geko anazaliwa na vijino viwili vya kupasulia ganda, viwili, wakati nyoka ana kimoja, na mpasuko niliouona asubuhi ulikuwa msafi kama umekatwa kwa wembe. Akatoa pua akapumzika muda mrefu sana. Sikumsaidia. Anayevutwa nje kabla hajamaliza kunyonya kiini anaweza kupoteza maisha, hata ukiona anachelewa mwache.

Sasa kila mmoja ana kopo lake, tishu yenye unyevu chini, kisahani cha maji cha kifuniko cha soda, hakuna mchanga. Wamejichuna ngozi ya kwanza na kuila. Nimewapima na ile mizani ndogo ya masonara, mmoja 2.9 mwingine 3.2. Hiyo mizani ndiyo kifaa nilichokipenda kuliko vyote mwaka huu, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kwa mtoto wa geko uzito ndiyo unakwambia ukweli kabla macho hayajaona.

Mlo wao wa kwanza ni nyenje wadogo, asizidi upana wa nafasi kati ya macho yao, wakipakwa unga wa kalsiamu. Hapa duka la mifugo nimekuta DCP (dikalsiamu fosfeti) tu, na DCP ina fosforasi, kwa geko haifai kama chanzo cha kalsiamu. Nikakumbuka mifupa ya ngisi, ile myeupe myepesi inayotupwa ufukweni Kunduchi, karibu yote ni kalsiamu kaboneti. Nimeokota, nimeloweka kwenye maji baridi nikiyabadilisha hadi chumvi iishe, nimeanika juani, nimesaga kwenye kinu na kuchekecha kwa kitambaa. Unga laini kuliko wa dukani. Vitamini D3 bado nanunua, hiyo ufukweni haipatikani.

Kuna ndugu yangu kaona picha za hawa watoto akaniambia mbona usifuge wale wa buluu wa Morogoro, ni wazuri zaidi. Nimemkatalia na nawaambia na wengine. Yule ni Lygodactylus williamsi, anaishi kwenye mikadi ya msitu wa Kimboza na maeneo machache ya jirani, hayupo pengine duniani, watu walikuwa wanakata miti ili wamkamate wakauze nje, na tangu 2017 yuko kwenye orodha ya kwanza kabisa ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwacheni kule kule. Ukitaka kumwona nenda Kimboza na mwongozaji.

Kazi inayofuata nilipanga iwe kujenga tanki kubwa la jike, nimeliahirisha. Sababu ni nyenje. Nyenje wa kununua wanakuja wakubwa, wadogo hakuna, kwa hiyo nimeanza kuzalisha mwenyewe kwenye ndoo ya lita ishirini, trei za mayai zimesimamishwa, chenga za pumba, kipande cha tango cha maji, kikopo cha mchanga wenye unyevu wa kutagia. Madume yanalia usiku kucha na mimi naona raha tu. Mayai ya nyenje nayo yanataka joto la karibu 30, na nimeyaingiza kwenye deli lilelile pembeni ya kopo jipya, maana jike katagia tena mawili juzi.

Na haya mayai mapya yataingia Juni. Hapo hesabu inageuka, kipupwe usiku Dar inashuka hadi 19 au 20, wastani wa korido utakuwa 24 hivi na deli litatulia hapohapo 24, chini mno. Kwa hiyo W1209 inarudi kazini, safari hii kupasha, na badala ya taa nitazamisha hita ndogo ya samaki kwenye dumu la lita tano katikati ya deli, maji yabebe joto polepole. Sensa naifunga kwenye kopo la mayai, mbali na dumu. Nimeshanunua hita, bado kutoboa kifuniko.