Bibi Harusi wa Saint-Malo

Shemeji yangu ni mtu wa Lubumbashi, na Kifaransa amekisomea tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo mwishoni mwa Septemba 2019, yeye na dada waliponichukua kwao Brussels ili tukazunguke pwani ya Ufaransa kwa gari la kukodi, mimi sikuhangaika kujifunza hata neno moja. "Shemeki, lugha minayua," aliniambia akifunga mkanda. "Weye angalia tu."

Nikaangalia.

Aibu ya kwanza tuliipata Cancale, mwendo mfupi baada ya Mont-Saint-Michel. Pale gatini wanauza chaza. Wanakufungulia mbele yako, unawala wabichi kwa ndimu, kisha magamba unayatupa ufukweni palepale, juu ya lundo la magamba ya waliokutangulia. Kwetu Tanga mimi chaza nimemzoea akiwa amepikwa, lakini nilikuwa na njaa. Mezani wamewekewa namba, shemeji akaagiza namba tano, kubwa kuliko zote. Tukaletewa vichaza vya ukubwa wa kidole gumba. Kumbe chaza za Ufaransa huhesabiwa kinyume: namba ikipanda, chaza anapungua. Wakati wa kulipa muuzaji akataja bei yenye "quatre-vingt-dix" ndani yake, na shemeji akairudia kwa kuhakikisha: "Nonante?" Mama wa watu akatabasamu, akamuuliza kama yeye ni Mbelgiji.

Sikumwona amekasirika vile safari nzima. Alinieleza hadi tunafika garini. Kongo tisini ni *nonante*, sabini ni *septante*, kama Ubelgiji. Wafaransa, kwa sababu wanazozijua wenyewe, sabini wanaiita sitini na kumi, na tisini wanaiita nne mara ishirini na kumi. "Bantu ba huku habayue kuhesabu," akahitimisha, na kwa hilo mimi nilikuwa upande wake.

Saint-Malo ni mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, bahari inaupiga moja kwa moja. Asubuhi tukitoka hotelini, mama wa mapokezi alituambia jambo kwa kusisitiza, kidole juu. Nikamwuliza shemeji amesema nini.

"Anasema tuwe makini na bibi harusi."

"Bibi harusi gani?"

"Mukubwa. Bibi harusi mukubwa."

Dada alidhani kuna harusi ya mtu mashuhuri na barabara zitafungwa. Basi tukatembea kwa miguu, macho yakitafuta shela. Mchana tukashuka ufukweni. Mbele ya ukuta kuna kisiwa cha mawe, Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand mwaka 1848, na maji yakipwa unakifikia kwa njia ya mawe iliyolala juu ya mchanga. Dada alikataa kuchafua viatu, akabaki kwenye benchi. Sisi wawili tukavuka. Kaburi lenyewe halina jina, ni msalaba tu umeikabili bahari. Tukakaa. Upepo ulikuwa mkali, lakini mandhari ilikuwa ya kukaa.

Mimi ni mtoto wa pwani, na hapa sina pa kujitetea. Mawingu yalikuwa yamefunika anga siku tatu, sikuuona mwezi, wala sikujisumbua kuhesabu tarehe. Nilichokiona ni jiwe moja. Tulipopita lilikuwa kavu, na mwani wake umelala. Sasa mwani ulikuwa umesimama, unacheza. Nikalitazama tena. Nusu yake haikuwepo.

"Shemeji, maji yanajaa."

"Itakuya pole pole."

Ziwani labda, bahari sivyo, na ile ya Saint-Malo ndiyo kabisa. Bamvua kubwa ya kwetu, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda kama mita 4. Pale hupita mita 12. Hayaji kama mawimbi, yanatambaa huku na huku kama maji yaliyomwagika sakafuni, unageuka unakuta yamekwisha kukuzunguka. Tulishuka mbio. Katikati ya njia maji yalikuwa magotini, shemeji ameinua simu na pochi juu ya kichwa, viatu vyake vya ngozi vinatoa sauti ya bata. Dada kwenye benchi alikuwa anacheka hadi ameshika tumbo.

Jioni yule mama wa mapokezi alitutazama suruali, akaondoka bila kusema, akarudi na kijitabu cha ratiba ya maji. Akaweka kucha juu ya maneno: *grande marée*. *Marée*, si *mariée*. Bibi harusi wetu mkubwa alikuwa bamvua. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, ningejua mwenyewe bila Kifaransa.

Simlaumu shemeji. Lubumbashi ni mji wa shaba, bahari iko mbali nao mno. Neno hilo angelitumia wapi?

Siku iliyofuata aliendesha kimya kuelekea magharibi, hadi Finistère, ambako vibao vya barabarani vina lugha mbili, Kifaransa na Kibretoni, na kila kijiji kinaanza na Plou. Karibu na Portsall taa ya mafuta ikawaka. Tukaingia kwenye sheli ndogo ya kijijini, mzee mmoja akatoka akijifuta mikono. Shemeji akashusha kioo, akauliza kwa sauti yake nzuri mazout iko pampu ipi.

Lubumbashi na Brussels, *mazout* ni dizeli tu, basi. Mzee alisimama. Akaitazama bahari, nyuma ya nyumba, kisha akatutazama sisi. Akasema kitu ambacho nilishika maneno mawili, moja nikiwa nimelilipia kwa viatu: *marée noire*.

"Anasema nini?"

Shemeji sasa alikuwa mwangalifu. "Anasema maji... myeusi. Pengine ile ya usiku."

Mzee aliona hatujaelewa. Akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akapitisha kiganja kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, taratibu, kuonyesha tope lilipofikia. Kisha akainama, akachota hewa kwa ndoo isiyokuwepo, akamwaga. Akachota tena. Hapo shemeji akazima injini, na safari hii alitafsiri sentensi moja moja, akiuliza asipojua. Tarehe 16 Machi 1978 meli ya mafuta, Amoco Cadiz, ilipoteza usukani ikapanda miamba ya Portsall. Zaidi ya tani 220,000 zikamwagika. Wakulima walileta matangi yao ya kubebea samadi kuyafyonza, wengine ndoo na koleo. Mzee wakati huo alikuwa kijana. Mazout, kwake, ndiyo hiyo aliyoichota. Kinachoingia kwenye gari kinaitwa gazole.

Alitujazia gazole. Alipotaja bei, sabini na kitu, aliitaja kwa *septante*, akamkonyeza shemeji.

Nanga ya ile meli imewekwa pale bandarini Portsall, nyekundu ya kutu, mtu mzima anaonekana kitoto ubavuni mwake. Dada alipiga picha. Boti zilikuwa zimelala ubavu juu ya tope, na huko mbele miamba imejitokeza mmoja baada ya mwingine. Shemeji alisimama ukingoni muda mrefu, mikono mfukoni.

"Shemeki," akasema, "ile maji itarudia saa ngapi?"

Nikatafuta jiwe, nikatazama mwani wake.

"Bado yanapwa. Twende tukale kwanza."