Nilivyojifunza kusema "mimi ni mhafidhina" mbele ya watu

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa mbovu kuliko wote: nifiche kwamba mimi ni mhafidhina, yaani mtu anayetaka yaliyo mema ya zamani yalindwe. "Usijiite mhafidhina, sema tu una maswali." Niliufuata karibu mwaka mzima. Nikawa mtu wa kunyoosha mkono, kuuliza swali la kuzungukazunguka, kisha kukaa. Hakuna aliyenichukia, lakini hata walioamini kama mimi hawakujua kuwa niko nao. Vikao vikiisha, ndipo walipokuwa wakininong'oneza mlangoni kwamba bora ningesema. Iliniuma, maana walikuwa na haki.

Basi shule wanayosoma watoto wetu ilipoleta pendekezo la kufuta kipengele kinachodai ridhaa ya wazazi kabla masomo ya maadili hayajabadilishwa, niliomba nafasi ya kuchangia. Naamini mzazi ndiye mlezi wa kwanza, kwamba familia ilikuwepo kabla ya ofisi yoyote, na kwamba jambo halifutwi kwa kosa la kuwa la zamani tu.

Siku ile niliharibu. Rafiki yangu mmoja alikuwa amenishauri nianze kwa kishindo, niuteke ukumbi. Nikashika kipaza sauti na kunguruma: "Mwacha mila ni mtumwa!" Upande wangu ukapiga meza. Kichwa kikanipanda. Nikahubiri juu ya wazee wetu, heshima iliyopotea, dunia iliyoharibika, sijui ni dakika ngapi. Niliponyamaza kuvuta pumzi, dada mmoja wa safu ya mbele akasimama, akauliza kwa upole kabisa: "Kaka, mila ipi? Mama yangu alitolewa shule kwa sababu ya mila. Hiyo nayo tuirudishe?"

Ukumbi ukawa kimya. Nilikuwa na karatasi nne mkononi na hakuna hata moja yenye jibu. Nikasema, "Hapana, si hiyo." Nikarudia, "Si hiyo." Mwenyekiti akaniambia muda wangu umekwisha. Nafuu yetu ni kwamba kura iliahirishwa hadi mwezi uliofuata.

Usiku ule sikulala. Nilirudi kwa Edmund Burke, mbunge ambaye wengi humhesabu baba wa uhafidhina wa leo. Watu humdhania mtetezi wa kila cha kale, na mimi nilikuwa nimemsoma hivyohivyo, juujuu. Kumbe ndiye aliyesimama bungeni Uingereza kutetea malalamiko ya makoloni ya Marekani, tena akaongoza mashtaka dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Waingereza huko India, kwa uonevu uliofanyika huko. Na mwaka 1790, akiyapinga mapinduzi ya Ufaransa, alikiri kwamba dola isiyo na njia ya kujirekebisha haina njia ya kujihifadhi. Jibu la yule dada lilikuwa hapo. Mila iliyomtoa mama yake shuleni ilistahili kurekebishwa, na kuirekebisha si kuacha uhafidhina.

Kisha nikafanya jambo ambalo nalionea fahari mpaka leo. Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton alitoa mfano mwaka 1929: ukikuta uzio umekatiza njia na huoni faida yake, usiung'oe mpaka ujue uliwekwa kwa nini. Nikajiuliza, mimi mwenyewe ninayeutetea uzio huu, najua uliwekwa kwa nini? Sikujua! Nikaomba kuona kumbukumbu za vikao vya zamani. Nilizipekua jioni kadhaa, vumbi tupu, mpaka nikakuta ukurasa wenyewe. Kipengele kiliwekwa baada ya somo kubadilishwa wakati wa likizo na wazazi kuja kuambiwa na watoto. Ilikuwa sababu ya kawaida, ya watu waliowahi kufichwa jambo.

Pia nilimtafuta jamaa mmoja anayeunga mkono pendekezo, nikamwomba anisikilize nikieleza hoja yake yeye, si yangu. Mara ya kwanza akakataa, mara ya pili akakunja uso, ya tatu akasema, "Ndiyo, hivyo hasa." Hapo ndipo nilipojua niko tayari. Anayekushauri uwazime wapinzani kwa sauti hajawahi kubadili mawazo ya mtu hata mmoja.

Kikao cha pili nilizungumza dakika tatu. Nilianza na hoja yao: ridhaa huchelewesha mambo, na wazazi wengine hawajibu kabisa. Vichwa vikatikisika kukubali. Nikasoma ule ukurasa wa kumbukumbu. Nikawakumbusha kwamba Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo upande wao walikuwa wamelitaja mara nyingi, linasema katika kifungu cha 26 kwamba wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Kisha nikamgeukia yule dada: "Uliniuliza mila ipi. Hii hapa: kumuuliza mzazi kwanza." Nikasema wazi kwamba mimi ni mhafidhina, nikakaa.

Dada yule akaomba nafasi. Akapendekeza kipengele kibaki, ila wazazi wajibu ndani ya siku 30, na wasipojibu kazi iendelee. Nilisimama kumuunga mkono kabla hajamaliza, na kura zikapita. Katika kumbukumbu za kikao kile jina lake na langu yako mstari mmoja: yeye mtoa hoja, mimi niliyemuunga mkono.